Je, Hamu ya Mtoto Hukunjwa? Fikra Juu ya Watoto na Mchezo wa Gofu

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo, ukizitia katika mizani moja, huelekea kupingana. Ya kwanza yasema: Samaki mkunje angali mbichi. Ya pili yasema: Hiari yashinda utumwa. Mzazi aishikaye ya kwanza humwamsha mwanawe alfajiri na kumwongoza kuelekea kule anakotaka yeye mzazi. Mzazi aishikaye ya pili huketi akingoja mtoto achague mwenyewe, na pengine hungoja mpaka jua likatua. Sisi walimu, ambao kazi yetu ya kila siku ni kusimama baina ya methali hizi mbili, hatuna budi kujiuliza: ni kitu gani katika mtoto kinachopasa kukunjwa, na ni kitu gani ambacho ukikikunja huvunjika?

Nimependa kulitazama swali hili kwa njia ya mchezo ambao wengi wetu huuona kwa mbali tu, nao ni gofu. Huenda msomaji akashangaa. Mbona si kandanda? Ni kwa sababu kandanda haihitaji mwenyeji. Mtoto hukutana nayo uchochoroni, mpira wenyewe akausokota kwa matambara na majani ya mgomba, na hakuna mtu mzima anayeitwa kumfundisha. Gofu si hivyo. Kwa watoto wetu walio wengi, mchezo huu haupatikani ila mtu mzima amshike mtoto mkono na kumpeleka. Kwa hiyo katika gofu, kuliko katika michezo mingine, dhamana ya yule amshikaye mtoto mkono huonekana waziwazi. Amempeleka kwa ajili ya nani?

Kwa wasiouzoea mchezo huu, yafaa niseme machache. Mchezaji hubeba fimbo zisizozidi 14. Huupiga mpira mdogo, ambao uzito wake hauzidi gramu 46, kutoka mahali palipowekwa mpaka uingie katika shimo lenye upana wa milimita 108. Kiwanja kamili kina mashimo 18, na amalizaye kwa mikwaju michache zaidi ndiye mshindi. Mwanzo wake ni Uskochi. Huko, mwaka 1457, Bunge liliupiga marufuku kwa kuwa uliwafanya watu wasahau mazoezi ya upinde na mishale. Maana lawama ya kwamba mchezo hupoteza wakati wa vijana haikuanzia kwetu. Kanuni za kwanza zilizoandikwa, nazo zilikuwa 13, zilitungwa mwaka 1744 huko Leith, karibu na Edinburgh.

Pingamizi la kwanza ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalitoa ni hili: mchezo huo si wetu. Ulikuja na wakoloni, ukazungushiwa uzio, na Mwafrika akaingizwa humo kama mchukuzi wa mfuko wa fimbo. Mtu asimamaye juu ya kilima cha Kololo au cha Nakasero, mjini Kampala, hulitazama bonde la Kitante lililotandazwa majani mafupi kama zulia, naye hawezi kuacha kukumbuka kwamba zulia hilo halikutandikwa kwa ajili ya babu yake. Tena wahenga wamesema: Mcheza kwao hutunzwa. Kwa nini basi tumpeleke mtoto akacheze ugenini?

Pingamizi hili lina ukweli, wala sipendi kulipuuza. Hata hivyo, mchezo hauna pasipoti. Kandanda nayo ilikuja na meli zilezile, na leo hakuna amwambiaye mtoto wa Kisangani au wa Gulu kwamba anacheza mchezo wa wageni. Kitu huwa cha kwetu pale tunapokitia mkono wetu. Huko Jinja, pale Nili inapotoka ziwani, imesimuliwa sana kanuni ya kiwanja cha gofu cha mji ule: mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji aliruhusiwa kuuokota na kuuweka kando bila adhabu. Waskochi wa mwaka 1744 hawakumfikiria kiboko. Ardhi yetu ndiyo iliyoiandika kanuni ile. Na mtoto wa kwetu aliyewahi kuchimba vijishimo uani akasukumia gololi ndani yake, akipima kwa jicho mteremko wa udongo na nguvu ya kidole, tayari anaijua nusu ya gofu. Ukimwambia hivyo, mchezo hautakuwa ugeni kwake. Utakuwa ndugu mkubwa wa mchezo wake.

Uzio, hata hivyo, ulikuwa uzio, wala haukuwa kwetu tu. Nchini Marekani, chama cha wachezaji gofu wa kulipwa kilikuwa na kifungu kilichowakubali watu weupe peke yao, kuanzia mwaka 1934 hadi kilipofutwa mwaka 1961. Chama mashuhuri cha St Andrews huko Uskochi, kilichoundwa mwaka 1754, hakikupiga kura ya kuwakubali wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 2014, yaani baada ya miaka 260. Nayataja haya ili mwalimu anayewaita watoto uwanjani asiwaite wavulana pekee, wala wale wenye viatu vizuri pekee. Mlango uliofungwa kwa miaka mingi haufunguki kwa kuufungua nusu.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi la pili, na kwangu mimi ndilo zito zaidi. Mzazi mmoja, fundi cherehani mwenye watoto watano, aliwahi kuniuliza hivi: "Mwalimu, mtoto wangu ameonyeshwa gofu siku moja na wageni waliokuja shuleni, na tangu siku ile hasemi lingine. Fimbo moja hununua unga wa nyumba nzima. Je, hao waliomwonyesha wamenitendea haki?" Swali lake ni hili kwa maneno mengine: Je, ni haki kuwasha hamu ambayo hatuna kuni za kuukokea moto wake?

Kwa upande mmoja, kama tungeamua kutowasha ila hamu zilizo na kuni, tungezifunga shule zetu. Mwalimu wa Kiswahili humfundisha mtoto wa Kabale, kule milimani kwenye baridi, habari za jahazi, matanga na pepo za kusi na kaskazi, naye anajua kwamba huenda mtoto yule asiione bahari maishani mwake. Je, amemdhulumu? La. Amempanua. Maskini si mtu anayenyimwa vitu tu; ni mtu anayenyimwa pia kujua kwamba vitu hivyo vipo na kwamba naye angeweza kuvipenda. Kumficha mtoto wa fundi cherehani mchezo kwa sababu ni wa gharama ni kumwongezea umaskini wa pili juu ya ule wa kwanza.

Tena, hamu yenyewe wakati mwingine hujitafutia kuni. Seve Ballesteros, mtoto wa familia ya wakulima katika kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Hispania, alijifunza kwa fimbo moja tu, akipiga mawe na mipira ufukoni na kujipenyeza kwa siri katika kiwanja cha jirani. Mwaka 1979 aliyashinda mashindano makuu ya Uingereza. Chi Chi Rodriguez, mtoto wa kibarua katika kisiwa cha Puerto Rico, alianza kwa tawi la mpera, na mpira wake ukawa kopo lililopondwapondwa. Naye alifika katika safu ya wachezaji wakubwa wa Marekani, kisha mwaka 1979 akaanzisha taasisi ya kuwasaidia watoto wenye maisha magumu.

Kwa upande mwingine, tusidanganyane. Mifano hii miwili ni nyota mbili, na usiku una giza refu. Watoto waliopiga mawe ufukoni wasifike popote hawakuandikiwa vitabu. Kwa hiyo jibu langu kwa yule fundi cherehani lilikuwa, na lingali, hili: kuonyesha si dhambi, dhambi ni kuahidi. Aliyemwambia mtoto, "Tazama mchezo huu ulivyo mzuri," amempa zawadi. Aliyemwambia, "Cheza mchezo huu, utakuwa tajiri, utawatoa wazazi wako katika shida," amempa deni. Mtoto wa miaka minane hawezi kulipa deni hilo, naye atalibeba kama mfuko wa fimbo za mtu mwingine.

Sasa turudi kwenye methali zetu mbili. Nasema kwamba hazipingani, kwa kuwa kila moja inazungumzia kitu chake. Kinachokunjwa kingali kibichi ni tabia. Kisichokunjwa ni hamu. Tabia hufundishwa, hurudiwa na hata hulazimishwa. Hamu hualikwa tu. Makosa yetu mengi, ya wazazi na ya walimu, hutokana na kuvichanganya vitu hivi viwili: twailegeza tabia, ambayo ingepasa kukazwa, na twaikaza hamu, ambayo ingepasa kuachiwa nafasi.

Gofu hulionyesha jambo hili vizuri kwa sababu ni mchezo ambao mara nyingi hauna mwamuzi mwenye filimbi. Mchezaji huihesabu mikwaju yake mwenyewe, na akivunja kanuni kichakani peke yake, hupaswa kujitangaza na kujiongezea adhabu. Mwaka 1925, katika mashindano makuu ya Marekani, Bobby Jones aliona mpira wake umetikisika kidogo alipokuwa akijiandaa kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Alijitoza mkwaju mmoja. Mwisho wa mashindano akajikuta amelingana na mwenzake, wakarudia, naye akashindwa kwa mkwaju mmoja. Watu walipomsifu kwa uaminifu wake, aliwajibu kwa maana hii: kwamba huko ni sawa na kumsifu mtu kwa kutoiba benki.

Hili ndilo la kukunjwa kungali mapema. Mtoto akifika uwanjani hana hiari ya kudanganya hesabu. Hana hiari ya kupiga kelele mwenzake anapopiga, wala ya kuacha alama ya nyayo zake katika mchanga bila kuisawazisha kwa ajili ya ajaye nyuma. Hana hiari ya kuizungusha fimbo wakati mwenzake yupo karibu, kwa kuwa fimbo ya chuma haijui urafiki. Katika hayo mwalimu awe imara kama mbuyu. Na faida yake haimhitaji mtoto awe bingwa. Mtoto aliyezoea kusema "nimepiga sita" hali angeweza kusema tano, amepata kitu atakachokwenda nacho katika chumba cha mtihani, katika duka, na hata katika ofisi ya umma.

Lakini je, kupenda? Hapo mkono wa mtu mzima sharti uwe mwepesi. Wengi hutaja mfano wa Tiger Woods kuonyesha kwamba ubingwa hutokana na kusukumwa. Ni kweli kwamba mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka miwili, alionyeshwa katika televisheni ya Marekani akipiga mpira, na baba yake, Earl, alikuwa karibu naye daima. Ni kweli pia kwamba mwaka 1997, akiwa na miaka 21, aliyashinda mashindano ya Augusta kwa tofauti ya mikwaju 12. Lakini mwenyewe amesimulia kwamba baba yake hakumwomba kwenda kucheza. Yeye mtoto ndiye aliyekuwa akiomba. Alikuwa akimpigia baba yake simu kazini, na baba alinyamaza kidogo, kana kwamba anafikiri, kabla ya kukubali. Nimekuwa nikikitafakari sana kimya kile kifupi. Ndani yake hamu ya mtoto ilibaki kuwa mali ya mtoto. Baba angalimtangulia kwa kumwita, mchezo ungekuwa amri. Alipongoja aombwe, ukawa tunzo.

Sisemi kwamba malezi yale yote yanafaa kuigwa. Maisha ya bingwa huyo yamekuwa na majonzi yake, na walimwengu wameyaona. Nasema tu kwamba hata mfano unaotajwa mno na wapenda kusukuma, ukiutazama kwa makini, unalo jambo la kuwafundisha kungoja.

Hapa msomaji mwenye uzoefu wa darasani atanikatiza: "Mwalimu mwenzangu, ukimwachia mtoto hiari, ataacha kila kilicho kigumu. Leo gofu, kesho ngoma, keshokutwa baiskeli, na mwisho wake hana alichokijua." Neno hili ni la haki. Kipya kinyemi, na unyemi huisha. Lakini iko njia ya katikati, nayo ni ahadi. Mtoto aulizwe, "Utajaribu kwa muhula mmoja?" Akisema ndiyo, ashikwe kwa neno lake, siku ya mvua na siku ya uvivu aende, kwa maana kutimiza ahadi ni tabia, na tabia hukunjwa. Muhula ukiisha, aulizwe tena kwa dhati, na jibu la "hapana" lipokelewe bila kununa. Hivyo tutakuwa tumeikunja subira yake bila kuivunja hamu yake.

Kuna na mambo madogo ya utendaji ambayo kwa hakika ni mambo ya maadili yaliyovaa nguo za kazi. Mtoto apewe fimbo nyepesi iliyo kwa kimo chake. Kumpa fimbo ndefu ya mtu mzima ni kumwandalia kushindwa kisha kumlaumu. Aanzie karibu na shimo, pale ambapo mpira husukumwa polepole, ili auone ukiingia na kusikia mlio wake, maana furaha ya kwanza ndiyo mbegu. Acheze mashimo mawili au matatu, si 18. Aondoke uwanjani angali anataka kubaki. Kwa wadogo kabisa hesabu ya mikwaju isubiri. Na shule isiyo na kiwanja haikosi kopo la kufukia ardhini, tawi lililochongwa na mpira mwepesi. Baadaye akikua, ataikuta katika gofu hekima nyingine: ile nafuu ya mikwaju apewayo mchezaji dhaifu, ambayo humwezesha mtoto kucheza na babu yake kwa haki, pasipo mmoja kujifanya ameshindwa. Ni michezo michache iliyolipatia kanuni jambo hilo la kiungwana.

Ipo nasi njia ya kujipima, kila mmoja kwa siri yake. Mtu mzima ajiulize: Mtoto huyu akiendelea kuupenda mchezo huu miaka yote lakini asishinde hata kikombe kimoja, nitafurahi? Na akiuacha kesho akaenda kuchora picha, nitamtazama kwa macho yaleyale? Akijibu ndiyo mara mbili, na amshike mtoto mkono ampeleke. Akisita, basi anayetaka kucheza ni yeye, na afadhali ajinunulie fimbo zake mwenyewe. Mtoto si shamba la kahawa, tupande leo tuje kudai mavuno kwa kilo.

Nimeyaandika haya kwa walimu wa Kiswahili, wala sikupotea njia. Hali yetu katika nchi hizi za jirani na pwani ni ileile. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini sheria humleta mtoto mpaka mlangoni pa darasa tu. Yapo tunayopaswa kuyakaza: atayarishe kazi yake, asinakili ya mwenzake, asimcheke anayekosea ngeli. Kupenda, hata hivyo, hakumo katika uwezo wa baraza lolote. Kunangoja mwalimu amwekee mtoto sentensi karibu na shimo, aione ikiingia, asikie mlio wake.

Basi tuwakunje watoto wetu katika ukweli, subira na heshima, maadamu wangali wabichi. Na tuwaalike kwa moyo mmoja kwenye mambo mazuri ya dunia, yawe ya kwetu au ya wageni, yenye kuni au yasiyo na kuni, bila kuwaahidi tusichonacho. Kisha tunyamaze kidogo, tusikilize kama wataomba.